Nyuma ya Picha ya Ferari

Juma lililopita mliniacha mbele ya dirisha la posta ya Mbarara, Shamimu mgongoni, karani akiniambia kwa mara ya tatu kwamba barua yangu haipo.

Anayenisoma leo kwa mara ya kwanza asihangaike. Mimi ni Safiyah. Nimezaliwa Nakivale, kambi ya wakimbizi, wazazi wangu walivuka mpaka kutoka Fizi wakikimbia vita. Nilifanya mtihani wa kozi ya ukarani na taipu, miezi tisa Kampala, chakula na malazi, na mama anayenyonyesha anaruhusiwa kwenda na mtoto wake. Nafasi mbili tu kwa kambi nzima. Nilijibu maswali Shamimu akiwa na miezi minne, namnyonyesha kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine.

Wiki ya tano ya kusubiri majibu ilikuwa inakatika. Nilikuwa nimeanza kujizoeza kusema, "Nimefeli," ili siku nikiulizwa sauti isitetemeke.

Sasa nisikilizeni. Mambo ya leo yalianza na gari.

Mume wangu Wahabu, naye mtoto wa Fizi kama mimi, ni fundi katika gereji ya Hajji Abubaker pale Ruti, Mbarara, kando ya barabara ya Kabale, na hapo ndipo tunapoishi. Kila Ijumaa baada ya swala, wapenzi wa magari walikusanyika pale, wakakalia matairi ya zamani, wakazungumza magari mpaka chai ikaisha. Madereva wa malori, mafundi, na Sajenti Naboth wa kambi ya jeshi, ambaye aliendesha lori la jeshi lakini moyo wake ulikuwa kwenye mashindano ya magari.

Mwaka ule wa 1987, dereva mmoja alirudi kutoka Nairobi na gazeti la Kiingereza lenye picha za gari jipya la Waitaliano. Ferari nyekundu, bapa kama kiatu, bawa nyuma. Lilikuwa limezinduliwa katikati ya mwaka. Gereji nzima ilipatwa na homa.

Msomaji wao alikuwa Wahabu. Walimwita Profesa.

Profesa aliwasomea kwamba Ferari ile ina viti vitano vya ngozi. Ina redio ya kaseti. Ina friji ndogo ya soda. Na Pasaka ijayo italetwa kwenye mashindano ya Kenya, kwa hiyo wajiandae kwenda kuiona. Naboth alikuwa ameshaomba likizo.

Nakiri hapa: Wahabu hajui kusoma. Aliacha shule darasa la pili. Mimi nilijua, nani angejua kama si mke? Siri hiyo niliitunza kama nguo zake za ndani, nikaifua na kuianika uani ambako hakuna anayeona. Mara mbili nilijaribu kumfundisha herufi. Mara mbili alisema kichwa kinamuuma.

Na sasa Hajji alitaka kumpa ufunguo wa stoo ya vipuri. Kazi ya stoo ni kusoma majina kwenye maboksi. Wahabu hakukataa. Angekataaje, na yeye ni Profesa?

Ijumaa moja niliwapelekea chakula. Wahabu alipoombwa kusoma ukurasa wa mwisho, uliokuwa na maandishi matupu bila picha hata moja, akajipangusa macho akasema yameingia vumbi la breki.

Hajji akanigeukia. "Mama Shamimu, si wewe unavuka daraja kwenda masomo ya jioni Nyamitanga? Tusomee, mwanangu."

Wahabu akaniambia neno moja kwa Kibembe, lugha ya kwetu, haraka, akijifanya anamchekea mtoto. Aliniomba nisome kama alivyosema yeye.

Niliufungua ukurasa. Mwandishi wa gazeti alikuwa anasema gari lile limetengenezwa kwa ajili ya uwanja wa mashindano. Viti viwili tu. Hakuna zulia. Hakuna redio. Ndani mlango hauna hata kitasa, unavuta kamba. Kila kitu kilichokuwa na uzito kilitupwa ili likimbie maili mia mbili na moja kwa saa. Tajiri analipa utajiri wake wote halafu anakalia gari tupu kama debe. Nilitaka kucheka. Nilitamani kuwasimulia, maana hilo ndilo lilikuwa jambo tamu kuliko friji.

Nikamtazama mume wangu. Shingo yake ilikuwa inatoa jasho.

Nikasoma: "Viti ni vitano, vya ngozi laini. Redio ni ya kaseti."

Wakashangilia. Dereva mmoja akapiga hesabu kwamba kwa mwendo ule Mbarara hadi Kampala saa moja haiishi. Hajji akasema tumbo la gari liko chini mno, likivuka mtaro wa Ruti, injini itabaki upande huu na dereva upande ule. Naboth akasema hata likimbie kama risasi, kwenye kizuizi cha jeshi litasimama na buti litafunguliwa.

"Buti iko mbele," akasema Wahabu kwa madaha, maana hilo aliliona kwenye picha. "Nyuma ni injini."

"Basi tafungua mbele," akasema Naboth. "Hata mbele ni buti kama mimi nasema fungua."

Walicheka mpaka Shamimu akaamka. Kisha Naboth akalichukua gazeti kutoka mkononi mwangu aitazame tena hiyo redio. Kidole chake kikashuka polepole kwenye karatasi, kikasimama.

"Mama, ngoja. Hii neno mimi najua. Iko kwa geti ya kambi yetu, kubwa, na rangi nyekundu. NO ENTRY. Hii ni NO. Halafu hii ya pili ni RADIO, hata mtoto yangu najua. NO RADIO." Akaniinulia macho. "Wewe nadanganya sisi?"

Nilimgeukia Wahabu. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Angesema hata kwamba tulikuwa tunawatania.

Wahabu akacheka. Alicheka wa kwanza.

"Muache huyu," akasema. "Masomo ya jioni. Banasoma mu giza, banaona nusu."

Gereji ikalipuka. Tangu siku ile wakaniita Nusu Kitabu. Dereva akipita na lori anapiga honi: "Nusu Kitabu, habari za redio?" Na Wahabu, aliyedanganya miezi mitatu, akabaki Profesa. Wakasema kosa lilikuwa langu, yeye asingekosea.

Nilivumilia. Nilijiambia, ni baba wa mtoto wangu, stoo akipewa tutakula vizuri, na mimi barua yangu ikija nitakwenda zangu Kampala na jina hilo litafia Ruti.

Mtu mmoja tu nilimweleza ukweli. Zainah.

Zainah tuliketi naye dawati moja kule Nyamitanga. Wazazi wake ni Warundi, nao wa Nakivale. Ana mwandiko mzuri kuliko wote darasani, herufi zake zimesimama wima, na mkia wa g anaukunja kama ndoana. Mwalimu wetu alilipitisha daftari lake meza kwa meza. Nikiitwa ubaoni, yeye ndiye aliyempakata Shamimu. Mtihani wa Kampala tulifanya pamoja, na siku ile tulipotoka alinishika mkono akasema akipata mmoja wetu ni sawa na wote wawili.

Nilipomweleza habari za gereji, hakucheka. Aliniuliza tu, "Kwani kweli Wahabu hajui kusoma hata kidogo?"

Nikajibu, hata jina lake analichora, haliandiki.

Majuma matatu yakapita. Jumatano moja ya Novemba, Hajji alinikuta nachota maji kwenye bomba la gereji. Nadhani lile jina la Nusu Kitabu lilikuwa limeanza kumuuma yeye mwenyewe. Akatazama ukutani, pale Wahabu alipopigilia mchoro wake wa Ferari. Mkono wa Wahabu kwenye kuchora, Mungu kamjalia. Gari lilikuwa kama linataka kutoka kwenye karatasi.

Hajji akang'oa misumari minne, akaukunja mchoro. "Mpelekee mtoto. Baba yake atatuchorea mwingine."

Nilifika nyumbani, nikamketisha Shamimu mkekani, nikamfungulia picha. Akaishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akataka kuila.

Upande wa nyuma kulikuwa na taipu. Mstari wa kwanza ulikuwa jina langu.

Nilisoma nikiwa nimepiga magoti. *Tunafurahi kukujulisha.* Nafasi ya kwanza kati ya mbili. Nifike ofisi ya kambi pale Base Camp, Nakivale, na kadi ya familia, kabla ya Ijumaa tarehe kumi na tatu, saa sita mchana, gari litakapoondoka. Barua iliandikwa mwezi mzima nyuma.

Ilikuwa Jumatano tarehe kumi na moja.

Sisi wakimbizi hatuna sanduku la posta. Karani hakunidanganya: barua zetu zote hupitia sanduku la Hajji, na ufunguo wa sanduku anao fundi wake anayemwamini kuliko wote.

Wahabu aliporudi, nilikuwa nimeiweka mezani, upande wa taipu juu. Hakuuliza ni nini. Aliitazama kama mtu anayetazama nyoka aliyedhani kamuua.

Nikamuuliza kwa nini hakuichoma, kama alitaka isionekane.

"Nilishindwa," akasema. "Ilikuwaka na jina yako."

"Kwa hiyo ulijua ni yangu."

"Hajji aliniambia ni ya bibi yangu."

"Na uliyajuaje yaliyomo?"

Alikaa kitandani, akaanza kufungua kamba za viatu. "Utaenda Kampala, utarudia na taipu yako, batu batakuita madame. Na mie nitabakia nani? Sasa hivi tu, mu gereji, nakuogopa kila ukileta chakula."

Nawaambia ukweli, wasomaji wangu, hapo moyo ulinilegea. Ningeweza kumsamehe hapo hapo. Nilikaa karibu naye, nikamwambia nitakwenda na nitarudi, na nitamfundisha herufi mimi mwenyewe, hakuna atakayejua. Aliitikia kwa kichwa. Nikadhani tumeelewana.

Asubuhi alipotoka kwenda kazini, nilimfunga Shamimu mgongoni, nikachukua kadi ya familia kutoka chini ya godoro na barua yangu yenye Ferari mgongoni, nikapanda lori la mahindi hadi Nakivale.

Afisa wa kambi aliitwa Byaruhanga, Mnyankore mpole, mwenye sauti ya chini. Nilimpa barua. Aliisoma, akaigeuza, akaitazama Ferari, akanitazama mimi. Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa. Alisogeza mkasi uliokuwa mezani, akauweka kwenye droo.

"Mama," akaanza, polepole, kama anazungumza na mtu aliye mbali, "wewe nalala vizuri usiku?"

Nikamwambia nalala, mtoto akiniruhusu.

"Na mtoto nakula? Napenda yeye?"

Nikasema nampenda, ndiyo sababu niko hapa. Akaguna. Akasema kuna karatasi ililetwa na mume wangu wiki mbili zilizopita, inayosema siwezi kwenda kozi. Nikaomba kuiona. Akakataa kwa upole. Mwenye kadi ni mume wangu, sheria ya ofisi ni kwamba neno lake analifuta yeye mwenyewe, mdomoni. Kama ananiruhusu, aje kesho kabla ya saa sita. Asipokuja, nafasi imekwenda.

"Imekwenda kwa nani?" nikauliza.

"Kesho," akasema.

Nililala kwa mama yangu, katika kijiji cha Misiera humo humo kambini. Yeye alipoisikia habari yote aliniuliza jambo moja tu, kama nimekula. Kisha akaenda kwenye maduka kutafuta mtu anayeshuka Mbarara, akampa ujumbe kwa Hajji Abubaker: amlete Wahabu, mtoto wa watu anapotea.

Ijumaa, karibu saa tano, pikapu ya Hajji ikaingia Base Camp imejaa vumbi jekundu. Wahabu alikuwa amekaa mbele, amevaa shati lake la Idi. Nilipomwona na shati lile, nilijua amekuja kunitetea. Mwanamume havai nguo njema ili aje kumwangamiza mke wake. Ndivyo nilivyowaza. Bado nina tabia hiyo.

Tukaingia wote watatu, na Shamimu wanne. Hajji alizungumza kwanza. Alisema vijana wamekoseana, mke alitaka hivi, mume aliogopa vile, sasa wamepatana, afisa aifute karatasi ile na binti aende kusoma. Wahabu akaitikia. "Aende," akasema. "Nimekubali aende."

Nilifumba macho. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Byaruhanga hakuchukua kalamu. Alitoa faili, akatoa karatasi moja ya daftari iliyokunjwa mara nne.

"Bwana, iko shida. Wewe naandika mambo mazito hapa, leo nasema hapana. Mimi tajuaje gani ni kweli? Soma hii barua yako mbele ya bibi, kila mstari. Kama iko uongo, sema hapa ni uongo, mimi tafuta."

"Hilo rahisi," akasema Hajji kwa furaha. "Wahabu ndiye msomaji wetu."

Karatasi ikakaa mikononi mwa Wahabu. Nikayaona macho yake yakizunguka juu yake kama inzi kwenye kioo. Vidole vyake vilikuwa safi siku hiyo, alikuwa amevisugua kwa mafuta ya taa.

"Macho," akasema. "Vumbi ya njia. Mama Shamimu asome."

Akanipa. Alinipa kwa utulivu, bila woga, na hilo ndilo ninalolitafakari mpaka leo. Mtu hampi mwenzake kisu hivyo kama anajua ni kisu.

Nikaifungua. Kiingereza. Herufi zimesimama wima. Mkia wa g umekunjwa kama ndoana.

Mwili wangu ulielewa kabla ya kichwa. Kumbe barua yangu ilipofika, Wahabu hakuweza kuisoma. Alihitaji mtu wa kumsomea. Na alihitaji mtu wa kumwandikia jibu.

"Soma, mwanangu," akasema Hajji.

Mara ya mwisho niliposoma mbele ya watu kwa ajili ya mume wangu, nilisoma uongo. Safari hii nikasoma kilichoandikwa, nikikigeuza kwa Kiswahili neno kwa neno.

"Mimi Wahabu, mwenye kadi hii, najulisha ofisi kwamba mke wangu Safiyah hawezi kwenda kozi. Tangu ajifungue akili yake haijatulia. Anaongea peke yake. Naogopa kumwacha na mtoto."

Hajji akashika ndevu zake. Nami nikauona tena mkasi ukiingia kwenye droo.

"Tumbo," akasema Wahabu. Alikuwa amesimama. "Nilisema tumbo. Nilimwambia aandike unaumwaka tumbo, basi."

"Kaa chini, bwana," akasema Byaruhanga. "Mama, endelea."

Kulikuwa na aya ya pili. Nikaisoma kwa macho kwanza. Shamimu alivuta kilemba changu. Nikamsogeza begani, nikasoma.

"Kwa kuwa nafasi hii imetolewa kwa kadi yangu, na nisingependa ipotee, naomba apewe mke wangu wa pili, Zainah, ambaye naye alifanya mtihani huo na yumo katika kadi hii hii."

Nje, dereva wa ofisi alikuwa ameshawasha Landrova, na mtu alikuwa anapakia sanduku.

Nikasema kadi ya familia ninayo mimi, na majina ni matatu tu. Byaruhanga hakubishana nami. Aligeuza daftari lake kubwa la ofisi, akaliweka mbele yetu, akaweka kidole. Wahabu, mume. Safiyah, mke. Shamimu, mtoto. Na chini yake, kwa wino mpya wa siku barua ile ilipoletwa, Zainah, mke. Pembeni palikuwa na jina la Wahabu, limechorwa, si kuandikwa. Nalijua jina lile. Lina W inayofanana na bawa la gari.

"Sahihi hii ni yako?" akauliza afisa.

Hajji alikuwa anamwangalia kijana wake kama anamwona mara ya kwanza. Mimi nilikuwa natafuta usoni pake jambo moja tu: je, huu ni uso wa mtu aliyefumaniwa, au ni wa mtu aliyetia sahihi kama kipofu? Miaka mitatu nimelala ubavuni pake, na sikuweza kujua.

"Bwana, gari naondoka saa sita," akasema Byaruhanga. "Mimi naandika nani?"

Wahabu hakumtazama Hajji. Alinyoosha kidole chake kilichosuguliwa, akakigusa kwenye karatasi iliyokuwa mkononi mwangu, si kwenye aya ya pili bali mahali pengine kabisa, maana hakujua aya ya pili iko wapi.

"Rudia hapo," akaniambia. "Pale pa mke wa pili. Polepole."